Kaya 9, tanki moja la lita 5,000: tugawaneje maji ya mgao?

mpangaji_tabata

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa hesabu, siasa tunayo ya kutosha hapa uani.

Nyumba ni ya uani, Tabata. Kaya 9, vichwa 31, kati yao watoto wadogo 6. Mita ya mamlaka ya maji ni moja. Maji yanatoka Jumanne na Ijumaa usiku, kuanzia saa 5 au 6 mpaka alfajiri, na mara nyingine yanachelewa siku nzima. Yanaingia kwenye tanki la lita 5,000 lililo juu ya stendi ya matofali ya mita moja. Chini kuna koki moja ya nusu inchi. Vyoo viwili, vyote vya kuchuchumaa na kumwagia kwa kopo. Bili tunagawana kwa chumba.

Tatizo: maji yakiingia tu, kila mtu anajaza kila chombo alicho nacho, mpaka beseni la kuogeshea mtoto. Siku ya pili tanki liko chini ya nusu, ya tatu hakuna kitu. Wapo wanaotaka kila chumba kipate ndoo sawa, wapo wanaotaka kwa kichwa, mmoja anataka mita ndogo kila mlango. Na kuna anayesema tufunge pampu kwenye laini tuvute kabla ya majirani. Mwenye nyumba hakai hapa, ametuambia tupange wenyewe.

---

bombalachuma

Nianze na hiyo pampu: msifunge. Kuvuta kwa pampu moja kwa moja kwenye laini ya mamlaka hakuruhusiwi, na hata kama kungeruhusiwa msingefanya. Laini ya mgao inakaa tupu siku mbili tatu. Paipu zenye nyufa zimepita mitaroni na karibu na makaro. Pampu ikivuta kwenye laini yenye presha ndogo, ndani ya paipu kunakuwa na mvuto, na kilicho nje ya ufa kinaingia ndani. Mtavuta maji ya mtaro na kuyaweka kwenye tanki la watu 31. Pampu inafaa kutoa maji kwenye tanki la chini kupeleka tanki la juu, basi.

Kabla ya kugawa, jueni mnapata nini. Usiku wa maji, weka ndoo ya lita 20 kwenye bomba linaloingiza tanki, shika saa. Ikijaa kwa sekunde 80 ni lita 15 kwa dakika, yaani lita 900 kwa saa. Kwa saa sita ni lita 5,400, tanki linajaa. Ikichukua dakika mbili na nusu mtapata lita 2,880 kwa muda huohuo, na hakuna mpango wowote wa kugawa utakaozalisha zilizobaki. Pima saa 6 usiku na upime tena saa 10, maana presha hupanda watu wakilala.

Kama halijai, angalia kimo. Stendi mita moja, tanki mita mbili: maji yanapanda mita tatu hivi, yanahitaji presha ya kama 0.3 bar ili yafike tu, achilia mbali yaende kwa kasi. Jaribio lake ni rahisi. Funga mpira mrefu kwenye bomba baada ya mita, inua mdomo wake ukutani taratibu mpaka maji yasimame. Kimo hicho ndicho presha yenu. Yakisimama mita mbili na nusu, tanki hilo halitajaa hata maji yatoke wiki nzima. Dawa yake ni tanki la kupokelea chini, la lita 2,000 hivi, hata la kufukia, kisha pampu ndogo ya wati 370 ipandishe. Kwa lita 25 za dakika itamaliza lita 2,000 kwa dakika 80, umeme nusu yuniti tu. Kubalianeni mapema LUKU ya nani, maana hapo ndipo ugomvi mwingine unapoanzia.

Mambo madogo yanayokula maji:

Boya, lile linalofunga maji tanki likijaa. Yale ya bei ya chini yana tundu dogo, na maji yakikaribia juu linaanza kubana mapema. Kwenye presha ya mgao chukua lenye tundu pana. Paipu ya kuingiza kama ni nusu inchi na safari ni zaidi ya mita 20, badilisha iwe ya robo tatu.

Kurudi nyuma. Kama paipu inaingilia chini ya tanki, laini ikikauka maji yenu yanarudi barabarani usiku huohuo. Ingiza kwa juu, mdomo wa paipu usiguse maji, na baada ya mita weka valvu ya kuzuia maji kurudi.

Upepo. Maji yakianza kurudi, hewa inatangulia na mita inazunguka kama kawaida. Fungua koki ya mita kidogo tu mpaka mlio wa upepo uishe, ndipo ufungue yote. Maji ya mwanzo yenye rangi ya chai yakingeni kwenye pipa la choo, yasiingie tankini.

---

Daftari la Mjumbe

Mkuu hapo juu kamaliza upande wa bomba. Mimi nichukue wa kugawa.

Kosa la kwanza ni kugawanya lita 5,000. Hamna lita 5,000. Koki haikai kwenye kitako cha tanki, chini yake panabaki maji na tope, chukulia lita 300. Kisha wekeni akiba isiyoguswa ya lita 700 kwa siku ambayo ratiba itaruka. Mnabaki na 4,000 za kugawa.

Kosa la pili ni kugawanya kwa siku za ratiba. Jumanne mpaka Ijumaa ni siku tatu, Ijumaa mpaka Jumanne ni nne, na umesema yanachelewa. Pangeni kwa pengo refu kabisa, siku tano. Kwa hiyo ni lita 800 kwa siku, ndoo 40.

Sasa ndoo 40 kwa kaya 9. Kwa chumba, kaya ya mtu mmoja inapata ndoo nne na nusu na yenye watu sita inapata hizohizo. Haikubaliki, wataiba tu. Kwa kichwa peke yake nako kuna kasoro, kwa sababu kupika na kudeki hakuzidi sana watu wakiongezeka, ila mtu anayeishi peke yake lazima apike na adeki. Changanya: kila kaya ndoo moja, na kila kichwa ndoo moja. Kaya 9 ni ndoo 9, vichwa 31 ni ndoo 31, jumla 40. Imeingia kama ilivyopimwa. Bachela anapata 2, familia ya sita inapata 7.

Watoto wadogo msiwahesabu nusu. Mwenye nepi anakula maji kuliko baba yake.

Hatua inayofuata ndiyo inayomaliza kelele: maji yaonekane. Mtu anajaza beseni la mtoto kwa sababu hajui kesho kuna nini tankini. Nunueni mpira mweupe wa kupimia levo, ule wa mafundi ujenzi, uungeni na tundu la chini la tanki upande wa pili wa koki, upandisheni wima ubavuni mpaka juu. Maji ndani ya mpira yanasimama usawa uleule na ya ndani ya tanki. Pimeni mzingo wa tanki kwa futi kamba. Mzingo ukiwa mita 5.65, kila sentimita ya kimo ni lita 25 na kidogo. Hivyo lita 800 ni sentimita 31 na nusu.

Pigeni mistari ya rangi nyuma ya mpira. Kutoka kitako, sentimita 12 ni maji mfu. Hadi sentimita 40 ni akiba, pakeni nyekundu. Juu ya hapo mistari mitano, kila mmoja sentimita 31.5 kutoka mwenzake. Kila jioni maji yasiwe chini ya mstari wa siku hiyo. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kusoma hilo, na hakuna tena wa kuambiwa "umemaliza maji wewe". Mpira ufunikeni kwa kitambaa cheusi, mnafunua wakati wa kusoma, vinginevyo unaota ukijani ndani na hamuoni kitu baada ya wiki chache.

Koki iwe ya kufuli, funguo izunguke kila wiki kaya hadi kaya. Saa za kuchota mbili: saa 12 hadi saa 1 asubuhi, saa 11 hadi 12 jioni. Koki ya nusu inchi kwa kimo hicho inajaza ndoo kwa dakika moja na nusu, na tanki likishuka inachelewa zaidi. Ndoo 40 ni saa nzima ya foleni. Ongezeni koki ya pili.

---

ndoo_ya_rangi

Nakubaliana, ila ongezeni kipimo. "Ndoo ya lita 20" ni neno tu. Dumu la mafuta lililoandikwa 20 likijazwa mpaka mdomoni linabeba zaidi, tuseme lita moja na nusu. Mara 40 kwa siku, siku tano, ni lita 300 zimetoka nje ya hesabu bila mtu kuiba. Chagueni ndoo moja ya rangi, mimina lita 20 kwa chupa za lita moja na nusu au kopo la kupimia, piga mstari wa peni ya rangi. Wote wanapimia hapo kisha wanamimina kwenye vyombo vyao.

Na msiweke sheria ya "usipochota leo umepoteza". Hiyo ndiyo inayofanya mtu achote asichohitaji na kumwaga la jana. Ndoo isiyochotwa iandikwe daftarini na ichotwe siku yoyote kabla ya maji kurudi. Ndivyo watu wanavyoweka za kufua Jumamosi. Maji yakirudi, deni na akiba za kila kaya zinafutwa, mnaanza ukurasa mpya.

---

mpangaji_tabata

Shukrani sana wakuu. Maswali mawili. Moja, mwenye hoja ya mita ndogo anasema ndoo ni mambo ya zamani, kila mtu alipe anachotumia. Mbili, tanki likijaa nusu tu tunafanyaje na ile mistari?

---

bombalachuma

Mita ndogo inajua kugawa bili. Kugawa maji haijui. Ukiwa na mita na pesa, utamaliza tanki na utalipa kwa heshima zote, na jirani hana ndoo. Hiyo ni moja.

Mbili, mita za nusu inchi za mzunguko hazianzi kusoma mpaka maji yapite kwa kasi fulani. Koki ikiachwa idondoshe taratibu, kwa mfano ndoo moja kwa saa mbili, mita nyingi za kawaida hazitikisiki. Kwa usiku wa saa nane ni ndoo nne za bure, na wapo wanaoujua mchezo huu vizuri sana. Utaona mita kubwa inasoma yuniti 20 na jumla ya ndogo ni 16. Tofauti hiyo mtagombania kila mwezi.

Mkitaka mita, zifungeni kwa ajili ya bili, lakini valvu kuu ya kutoka tankini ifungwe nje ya saa za kuchota, na tofauti igawanywe kwa kichwa. Kwa uani wa kaya 9 sioni faida. Yuniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50. Bili ikija kwa mfano shilingi 2,000 kwa yuniti pamoja na makato, ndoo ni shilingi 40. Daftari linatosha.

---

Daftari la Mjumbe

Kuhusu tanki nusu: mistari ya rangi ni ya tanki lililojaa. Lisipojaa, mnapiga hesabu asubuhi ya siku maji yaliyokatika, mbele ya watu, na kuiandika kwa chaki ukutani.

Mfano mpira unasoma sentimita 130. Toa 40 za akiba na tope, zimebaki 90. Mara 25.4 ni lita 2,286. Gawa kwa siku tano, ni lita 457 kwa siku. Ndoo moja kwa kichwa haiwezekani tena. Shukeni kwenye kipimo cha nusu ndoo: kila kichwa lita 10, kila kaya lita 15. Ni 310 jumlisha 135, lita 445. Mmebaki ndani.

Hapo mko kama lita 14 kwa mtu. Kiwango cha Sphere kinachotumika kwenye kambi za dharura ni lita 15. Kwa hiyo wekeni sheria mapema: hesabu ya asubuhi ikishuka chini ya lita 15 kwa mtu, mchango wa boza (gari la maji) unakusanywa siku hiyohiyo, haungojwi mpaka tanki likauke. Boza la siku ya nne linanunuliwa kwa bei ya mwenye boza.

Na vichwa vihesabiwe vizuri. Mgao wowote wa kwa kichwa unazaa vichwa hewa. Waliokuwepo enzi za maduka ya kaya, yale ya bidhaa za mgao, na orodha ya balozi wa nyumba kumi wanalijua hili bila kuambiwa. Kinacholindwa ni orodha iliyobandikwa mlangoni, kila mtu anamwona nani kaandikwa kwa jirani. Mgeni akilala zaidi ya usiku mbili anaongezwa kuanzia siku ya tatu, anayesafiri wiki anatolewa. Na marufuku kuuza ndoo ya mgao nje ya geti. Ikishaanza kuuzwa mtaani kwa bei ya mtaani, mmerudi kwenye ulanguzi, na ule hata msako wa wahujumu uchumi wa 1983 haukuumaliza.

---

zeze_la_kimara

Mmesahau choo, na choo ndicho mlaji mkubwa. Lita 2 kwa safari, safari tano kwa mtu, watu 31: lita 310 kwa siku. Karibu ndoo 16 kati ya 40 zinapita shimoni.

Wekeni pipa la lita 200 mlangoni kwa vyoo. Maji ya kusuuzia nguo na ya beseni la kuogea yanaingia humo. Maji ya vyombo yenye mafuta hapana, yananuka na kuganda kwenye pipa. Pipa liishe ndani ya siku moja. Likipungua, jazeni maji ya chumvi ya kisima kutoka kwa wauza maji wa mkokoteni. Hayo kwa choo na kudeki yanafaa kabisa, kwa kufua yatawamalizia sabuni.

Kuhusu boza: pima mpira kabla halijamwaga na baada. Lita 5,000 hazitaingia kwenye tanki lenye akiba, kwa hiyo agizeni mnachoweza kupokea. Mtu akikwambia "nimemwaga elfu tatu" na mpira umepanda sentimita 100, umepokea 2,540. Muulize maji katoa wapi, onja kwanza kwa kidole kama yana chumvi, ndipo mpira wake uingie tankini kwenu.

---

afya_mtaa

Kwa kuwa sasa kila kaya itakuwa na ndoo na mapipa ndani, neno moja la mbu. Aedes, yule mwenye madoa meupe anayeuma mchana, ndiye anayeleta homa ya dengi, na Dar tumeshapata milipuko 2014 na 2019. Hahitaji dimbwi. Anataga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, ndani ya nyumba yako. Kutoka yai hadi mbu ni kama siku 7 hadi 10. Mayai yanavumilia ukavu miezi, kwa hiyo kumwaga maji na kujaza upya hakutoshi: sugua kuta za ndani kwa brashi kila wiki, kisha funika kwa mfuniko unaobana au kitambaa kilichofungwa kwa kamba. Paipu ya tanki ya kumwagia maji yakizidi iwekewe wavu.

Klorini ya mamlaka inapungua maji yakikaa. Siku ya tatu na kuendelea, dawa ya kufanyia nguo nyeupe ya asilimia 3.5, isiyo na marashi wala rangi, mililita 60 kwa kila lita 1,000 za tankini. Korogeni, subirini nusu saa kabla ya kuchota. Msikadirie kwa macho, tumieni bomba la sindano au kifuniko chenye vipimo, na lita mnazijua kwenye mpira. Ya kunywa bado yachemshwe.

---

mpangaji_tabata

Tumepima leo: mzingo mita 5.6, na ndoo imejaa kwa sekunde 95 saa 6 usiku. Kesho tunanunua mpira na koki ya pili. Swali la mwisho: fundi anasema kutoboa tundu la pili kwenye tanki kutalipasua.

---

bombalachuma

Halipasuki likitobolewa kwa msumeno wa duara, kwenye sehemu bapa, mbali na mbavu za tanki. Linapasuka kwa msumari wa moto. Tumia kiungio cha tanki chenye raba mbili, raba moja ndani na moja nje, kaza kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana. Usipake gundi ya paipu, hiyo plastiki haishikani nayo. Mtoboe Jumanne mchana, tanki likiwa chini, muone kama linavuja kabla ya maji ya usiku.

Kama hamtaki kutoboa kabisa, fungeni kiungo cha matawi matatu kwenye paipu ya koki, kabla ya koki yenyewe, mpira upande hapo. Kasoro yake ni kwamba wakati wa kuchota usomaji unashuka kwa uongo. Someni koki zikiwa zimefungwa. Kwa mzingo huo wa 5.6 tumieni lita 25 kwa sentimita, na mistari ya siku iwe sentimita 32.